Mchezo Ukikuchagulia, Mchezaji Ni Nani?

Kiswahili kimetupa maneno mawili yanayokaribiana kwa sauti na kutengana kwa maana: kucheza na kuchezeshwa. Anayecheza huitia kete yake aonapo mwenyewe, akala au akaliwa, na lawama au sifa ikawa yake. Anayechezeshwa huinua mkono na kuushusha, lakini shauri limekwisha kukatwa na mtu mwingine. Kwa mbali wawili hawa hufanana. Kaa karibu nao nusu saa utawatambua.

Leo, ndugu msomaji, tunataka kuzungumza juu ya michezo ambayo wengi wetu wenye mvi hatuichezi, lakini watoto na wajukuu zetu wanaicheza usiku na mchana: ile michezo ya kuvaa uhusika katika intaneti. Humo kijana hujifanya shujaa, mchawi, mwindaji au mhunzi, akaingia katika nchi ya kubuni pamoja na maelfu ya watu asiowajua, na kila afanyapo jambo hupewa alama, na alama zikitimia hupanda daraja. Wako wazee wanaosema hayo yote ni upuuzi. Sisi hatusemi hivyo. Watu wa mwambao waliokaa barazani vizazi kwa vizazi mbele ya mbao za bao si haki yao kuudharau mchezo kwa kuwa ni mchezo. Swali letu ni jingine: je, kijana huyo anacheza, au anachezeshwa?

HUKO NDHIWA

Swali hilo lilitukuta mbali na bahari. Ndhiwa iko katika kaunti ya Homa Bay, mpakani na Migori. Atokaye Homa Bay hufika njia panda ya Rodi Kopany, akaiacha barabara kuu, akaingia katika nchi ya miwa na mahindi. Ni nchi ya Wajaluo wa Kanyamwa na jamaa zao, na ndiko alikotoka Gor Mahia, yule mganga na kiongozi mashuhuri wa enzi za kuingia kwa Waingereza, ambaye jina lake lilichukuliwa na klabu ya kandanda mwaka 1968. Masimulizi ya huko yanamtaja Gor kuwa mtu aliyeweza kujigeuza: leo mzee, kesho mtoto, kesho kutwa mnyama. Kama yuko mtu katika Kenya aliyeyajua mambo ya kuvaa uhusika kabla ya kompyuta kuzaliwa, basi ni yeye.

Sokoni hapo, chini ya mti, vijana wa bodaboda walikuwa wakingoja abiria. Mmoja wao alikuwa na simu iliyoegemezwa kwenye tangi la pikipiki yake. Katika kioo cha simu shujaa mwenye upanga alikuwa akipigana na majoka, akiua huyu na kumrukia yule, akiokota dhahabu, akipanda daraja. Naye kijana alikuwa akinywa chai. Mkono haukugusa simu hata mara moja. Tulipomwuliza nani anayepigana, alicheka, akasema, "Hii, mzee, inajipigania yenyewe. Mimi nimebonyeza tu pale."

Hatua chache kutoka pale, wazee wawili walikuwa wameinamia ajua. Ajua ni ndugu wa bao: mashimo na mbegu, safu mkabala na safu, japokuwa sheria zake si zile za pwani. Mzee mmoja, ambaye vijana walikuwa wakimwita *jaduong'* kwa heshima ya umri wake, alikuwa ameshika mbegu mkononi kwa muda mrefu hata mwenzake akaanza kunung'unika. Alimjibu kwa Kijaluo, kisha akatufasiria sisi wageni: "Huyu anataka nitupe haraka. Mbegu ikitoka mkononi, rafiki yangu, hairudi."

Hapo ndipo tulipoona kwamba jambo la vijana na jambo la wazee ni moja.

DARAJA LILIPOKUWA NA MAANA

Mambo haya ya kupanda daraja hayakuanza na intaneti. Mwaka 1974, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, unaochezwa mezani kwa karatasi, kalamu na dadu. Mchezaji alijichagulia yeye ni nani na anaweza nini, akaandika nguvu zake katika karatasi, na kwa kadiri alivyopita misukosuko ndivyo alivyopanda. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle waliandika programu waliyoiita MUD, ambayo iliwawezesha watu kadhaa kuingia katika nchi moja ya kubuni kwa kompyuta. Hapakuwa na picha. Palikuwa na maneno tu, kama hadithi.

Kutoka hapo mti ukatoa matawi. Mwaka 1997 ulitoka Ultima Online, na huo haukuwa na daraja hata kidogo. Kila mtu alipewa mpaka wa pointi 700 za ujuzi, na kila ujuzi ukikamilika huwa 100. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kujua yote. Ukitaka kuwa mhunzi, mvuvi na mfuga wanyama, lazima uache ujuzi mwingine mwingi. Watu walikaa wakapima, wakashauriana, wakakosea, wakaanza upya. Katika nchi hiyo ya kubuni mlikuwa na fundi aliyejulikana kwa panga zake na mwingine kwa nguo zake, kama vile sisi tunavyojua nani Lamu ana mkono wa kuchonga milango.

Aliyesoma chuoni kwa maalimu atalielewa jambo hili mara moja. Mtoto alianza na alifu, be, te, akaenda kwenye irabu, akaingia juzuu ya amma, akasonga mbele mpaka siku ya kukhitimu. Hapakuwa na mtu aliyempa juzuu ya pili kwa kuwa amechoka na ya kwanza. Katika baraza moja walikaa watoto wa kila kiwango, na kila mmoja alijua amefika wapi kwa kuwa alifika kwa ulimi wake mwenyewe. Daraja lilikuwa jina la kitu ulichokuwa nacho.

MATAWI YALIVYOKATWA

Sasa tutazame yaliyotokea. Mwaka 2003 ulitolewa mchezo wa Star Wars Galaxies, uliotokana na zile filamu maarufu za vita vya nyotani. Mchezaji aliweza kuchagua katika fani zaidi ya 30, na kuzichanganya apendavyo: huyu mpishi, yule mcheza ngoma wa mahotelini, mwingine mjenzi wa nyumba. Mwezi wa Novemba mwaka 2005 wenye mchezo wakabadili kila kitu kwa mara moja. Fani zikapunguzwa zikawa tisa. Watu waliokuwa wametumia miaka kuujenga uhusika wao waliamka wakakuta kazi yao haipo tena. Wengi waliondoka. Mchezo wenyewe ulifungwa tarehe 15 Desemba 2011.

World of Warcraft, uliotoka mwaka 2004 na kuwa mkubwa kuliko yote ya aina yake, ulipunguza kidogo kidogo. Zamani, kuanzia daraja la kumi, kila daraja jipya lilimpa mchezaji pointi moja ya kipaji, na yeye akaitia mahali atakapo katika miti mitatu ya ujuzi. Aliyefika daraja la 80 alikuwa ameamua mara 71. Mwaka 2010 miti hiyo ikafupishwa, na mchezaji akalazimishwa kuujaza mti mmoja kabla ya kugusa mwingine. Mwaka 2012 miti ikang'olewa kabisa: mchezaji akapewa kuchagua kitu kimoja katika vitatu, na hilo mara moja tu katika kila madaraja 15. Mwaka 2020 hata madaraja yenyewe yakakatwa, kilele kilichokuwa 120 kikawa 60.

Kisha zikaja simu. Michezo mingi ya namna hii iliyotengenezwa kwa ajili ya simu, hasa ile ya Korea Kusini kama Lineage 2: Revolution wa mwaka 2016, ina kitufe cha kujiendesha. Ukikibonyeza, shujaa wako hutembea, hupigana na hupanda daraja bila wewe. Hicho ndicho alichokibonyeza kijana wetu wa Ndhiwa.

WANAOKATA WANA HOJA

Haki yataka tuwasikilize wenye michezo nao, maana hawakukata kwa uchoyo peke yake. Wanasema kwamba uchaguzi ule wa zamani ulikuwa mwingi wa uongo. Kati ya njia mia, wajuzi walikwisha kupiga hesabu wakaona moja ndiyo yenye nguvu, wakaitangaza, na watu wote wakainakili. Aliyechagua nyingine alichekwa, wala hakuna aliyetaka kwenda naye vitani. Je, huo ni uchaguzi? Tena mgeni aliyeingia mchezoni alikutana na hesabu na vipengele vingi hata akakata tamaa siku ya kwanza. Na mtu mwenye kazi na watoto hana miezi sita ya kutafuta daraja.

Hoja hizi zina uzito. Hata katika bao letu, anayeanza hatupwi katika bao la hesabu akazama. Yupo mwenye kumwekea bao la kujifunza: kete zote 64 zinawekwa ubaoni, mbili mbili kila shimo katika mashimo 32, na mchezo ukaanza moja kwa moja. Hakuna nyumba, hakuna kete za kushika mkononi, hakuna kunamua. Mtoto wa miaka saba hulicheza na kulifurahia.

Lakini, ndugu zanguni, nani aliyesema kwamba kwa kuwa kuna bao la kujifunza, basi bao la hesabu livunjwe? Wahenga waliomwekea mtoto kidaraja cha chini hawakulishusha dari. Walijua kwamba yule mtoto atakua, na kwamba siku moja atasimama nyuma ya wakubwa, atawatazama, na moyo wake utataka.

BAO LINAVYOTUFUNDISHA

Tazama bao la hesabu lilivyo. Kila mtu huanza na kete 10 ubaoni: sita nyumbani, na mbili mbili katika mashimo mawili ya pembeni yake. Kete 22 zimebaki mkononi. Kila zamu ananamua kwa kete moja. Sheria ni ngumu: pakiwapo pa kula, lazima ule. Huna hiari ya kupita. Mtu wa michezo ya siku hizi angedhani kwamba sheria kali kama hiyo inaua uchaguzi. La, ndiyo inayouzaa. Ukila shimo la katikati, ni wewe utakayechagua kuingilia kichwa cha kulia au cha kushoto, na njia hizo mbili huweza kukupeleka mahali mbalimbali kama Pate na Pemba. Kete yako ya mwisho ikifika nyumbani huku unakula, ni wewe utakayeamua kusimama au kusafiri na kuivunja nyumba. Mwenye kuivunja mapema huenda akashinda, au akajuta mpaka alasiri. Hapana dadu wala bahati. Kila kilichotokea kimetoka katika vichwa viwili.

Ndiyo maana mtaalamu wa Kiholanzi, Alexander de Voogt, alipotaka kuchunguza mipaka ya akili ya binadamu alikwenda Zanzibar kukaa na mabingwa wa bao, akaandika kitabu juu yao mwaka 1995. Ndiyo maana pia Mwalimu Julius Nyerere, pamoja na mambo yote aliyokuwa nayo kichwani, alikuwa mpenzi wa bao.

Sasa litazame bao lililorahisishwa. Katika miaka ya 1940, Mmarekani mmoja, William Julius Champion, aliichukua michezo hii ya mashimo na mbegu akabuni wake, akauita Kalah, wenye safu mbili za mashimo sita na ghala moja kwa kila mchezaji. Ndio huo ambao watu wengi wa Ulaya na Marekani huujua kwa jina la Mancala, na ndio uliojaa katika simu. Ni mchezo mzuri kwa watoto. Lakini mwaka 2000 watafiti waliupitisha katika kompyuta, na ikadhihirika kwamba katika Kalah ya kawaida, yenye mbegu nne kila shimo, anayeanza akicheza bila kosa atashinda. Kwa anayeujua mpaka mwisho, shauri limekwisha kukatwa kabla ya mbegu ya kwanza kutupwa.

PENYE KUCHAGUA PAKAINGIA BAHATI

Liko jambo jingine ambalo msomaji wa Kiislamu hana budi kulitazama kwa macho mawili. Uchaguzi ulipoondolewa katika michezo hii, pengo halikubaki tupu. Mahali pengi liliingia kasha la bahati: mchezaji hulipa fedha za kweli, akafungua kasha asilojua ndani yake mna nini, akitumaini upanga adimu. Nchini Ubelgiji mwaka 2018 wasimamizi wa kamari walitamka kwamba makasha ya kulipiwa katika baadhi ya michezo ni kamari, na yanavunja sheria. Mwaka 2022 mchezo wa Diablo Immortal haukutolewa Ubelgiji wala Uholanzi kwa sababu ya mambo hayo.

Sisi hatuhitaji wasimamizi wa Ubelgiji kutuambia maisiri ni nini. Sura ya Al-Maida imekwisha kulisema. Linalotushughulisha ni jinsi mambo mawili haya yanavyoshikana mikono. Mchezo unaojipigania wenyewe haumpi kijana la kufanya, basi hukaa akingoja. Anayengoja huchoka. Aliyechoka huuziwa njia ya mkato. Yule aliyeamua mara 71 kujenga uhusika wake hununui kwa wepesi, kwa kuwa alichonacho ni chake. Yule ambaye hakuamua lolote hana cha kujivunia ila alichonunua.

WACHEZAJI WALIKATAA

Hapa pana habari njema. Wachezaji wenyewe hawakukubali yote. Mchezo wa RuneScape, uliotolewa huko Uingereza mwaka 2001, ulibadilishiwa mapigano yake mwezi wa Novemba 2012, na wachezaji wakalalamika sana. Wenye mchezo wakawapigisha kura: je, turudishe mchezo wa kale kama ulivyokuwa mwaka 2007? Zilipigwa kura zaidi ya 400,000. Mwezi wa Februari 2013 mchezo wa kale ukafunguliwa upya, na tokea hapo mambo makubwa mapya hupigiwa kura na wachezaji kwanza. Ungali hai.

World of Warcraft nao, mwaka 2019, ulifungua milango ya mchezo wake wa zamani pamoja na mashaka yake yote, na mwaka 2022, baada ya miaka kumi, ukairudisha miti ya vipaji katika mchezo mpya. Kumbe watu hawakuwa wavivu kama walivyodhaniwa. Walitaka kazi, mradi kazi yenyewe iwe yao.

TUFANYE NINI?

Kwanza, mzazi asiulize mtoto wake anacheza saa ngapi tu. Amwulize: leo umeamua nini? Kama mtoto anaweza kumweleza kwamba aliacha hiki akachukua kile, na kwa sababu gani, na kwamba alikosea hapa akarekebisha pale, basi mtoto huyo yuko darasani, japo darasa lina majoka. Kama hana la kueleza, basi simu inamchezesha, na pengine inamla na fedha.

Pili, vijana wetu wanaojua kuandika programu, na wako wengi Mombasa, Nairobi na Kisumu, wasitie katika simu bao lililokatwa miguu. Watie bao la hesabu kamili, na takasa yake, na nyumba yake, na bao la kujifunza wakaliweka mlangoni kama ngazi. Wawatafute wazee wa ajua wa Ndhiwa na kwingineko, wakae nao, waandike sheria kama wanavyozisema wao kabla sheria hizo hazijafuatana nao kaburini. Na wakitaka kutunga mchezo wa kuvaa uhusika, mashujaa tunao. Gor Mahia mwenye kujigeuza ni mchezo mzima: ajigeuze nini, wakati gani, mbele ya adui yupi. Fumo Liyongo wetu akiwa gerezani naye aliponea kwa kutumia akili yake, siyo kwa kitufe.

Tatu, sisi wenyewe wa barazani tusilifunge bao kwa matusi na kejeli hata kijana aone afadhali simu isiyomcheka. Bingwa asiyemvumilia mwanagenzi asishangae siku akikosa mtu wa kucheza naye.

Nasi, kwa kuwa kalamu yetu haizoei kulala bila ya shairi, tunamaliza kwa beti hizi mbili:

Kucheza ni kuchagua, kete yako uitie,
Njia ukizipambua, mojawapo ufatie,
Ukikosa watambua, keshoye usirudie,
Mchezo ukichezewa, mchezaji ndiye nani?

Tangu Lamu hata Ndhiwa, wazee tunawambia,
Mwana ngazi akipewa, mwacheni kujipandia,
Juu akichukuliwa, hajui alopitia,
Mchezo ukichezewa, mchezaji ndiye nani?